Mshahara ukivuka milioni moja, PAYE ya 30% inameza nyongeza yote? Naombeni mnieleweshe

Kijana wa Tabata

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla ya Ijumaa maana barua ninayo mkononi na nimeambiwa niirudishe imesainiwa.

Iko hivi. Niko kampuni binafsi hapa Dar, kitengo cha manunuzi, mwaka wa tano sasa. Mshahara wangu kabla ya makato ni 1,050,000, wote ni mshahara wa msingi, hamna posho humo. Nakatwa NSSF 10% ya pensheni, PAYE yaani kodi ya mshahara, na Bodi ya Mikopo 15% maana chuo nilisoma kwa mkopo. Benki inaingia 673,250, hiyo namba naijua kama jina langu. Sasa nimepandishwa cheo, barua inasema mshahara mpya 1,250,000. Siku hiyo nilifurahi mpaka nikampigia mama kijijini.

Shida imeanzia kwenye meza ya chai. Kaka mmoja ambaye yuko pale muda mrefu kuliko mimi akaniambia dogo usisaini, ukivuka milioni unaingia kwenye 30%, wanabeba laki tatu na kitu, unaongezewa majukumu halafu mkononi unabaki na kidogo kuliko cha mwanzo, na akasema yeye mwenyewe mwaka juzi aliomba wamwache palepale asivuke. Mwingine akadakia kwamba bora niombe hiyo laki mbili iandikwe posho ya usafiri ili isikatwe kodi.

Usiku nikakaa na kalamu. 30% ya 1,250,000 ni 375,000, NSSF 125,000, Bodi 187,500, inabaki 562,500. Yaani nimeshuka zaidi ya laki moja! Usingizi haukuja. Wife ana mimba ya miezi saba, kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao, siwezi kukubali cheo kinachonipunguzia hela. Lakini sasa najiuliza, hawa mabosi mbona wanapandishwa kila mwaka na wanakubali, wao inakuwaje?

Mama Mishahara

Hongera kaka. Saini hiyo barua na ulale. Mi natengeneza mishahara ya watu huu mwaka wa kumi na moja na hili swali naulizwa kila msimu wa nyongeza, kuna watu wameacha hela yao halali kwa woga huohuo.

Umekosea sehemu mbili. Ya kwanza, PAYE haipigwi kwenye 1,250,000. NSSF yako inatoka kwanza, 125,000, na hiyo 1,125,000 inayobaki ndiyo inayotozwa kodi. Ya pili ndiyo kubwa, hiyo 30% haigusi mshahara wote, inagusa kile kilichozidi milioni tu. Mshahara wako unapanda ngazi na kila ngazi ina kiwango chake. Kwa jedwali hili la tangu Julai 2021, 270,000 ya kwanza haikatwi hata senti. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, inatoka 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni 20%, inatoka 48,000. Kutoka 760,000 hadi milioni ni 25%, inatoka 60,000. Jumla mpaka hapo 128,000. Imebaki ile ya juu ya milioni, 125,000, ndiyo inayopigwa 30%, unapata 37,500. PAYE yako mpya ni 165,500. Sio laki tatu.

Sasa toa kwenye 1,250,000: NSSF 125,000, PAYE 165,500, Bodi 187,500. Mkononi 772,000. Umepanda 98,750 kila mwezi. Huyo kaka aliyeomba abaki pale amejinyima muda wote huo, mwonyeshe hesabu hii pembeni, ukimwambia mbele za watu hatakusikiliza.

Posho ya usafiri usiifuate. Posho ya pesa taslimu inayoingia kila mwezi na mshahara ni mapato ya ajira, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaihesabu, inakatwa vilevile, halafu siku kampuni ikibana matumizi posho ndiyo inafutwa kwanza.

Huo woga najua unatoka wapi. Niliwahi kuitwa kusaidia ofisi moja, kuna dada alikuwa amepandishwa hadi 1,200,000 na slipu yake imeandikwa PAYE 324,000. Nikafungua Ekseli, kumbe aliyetengeneza ile fomula ameweka kwamba ikizidi milioni zidisha yote kwa 30%. Ilitakiwa iwe 152,000! Miezi mitatu yule dada alipungukiwa 516,000, na wenzake wote walioiona ile slipu wakaamini kwamba kuvuka milioni ni hatari. Hela alirudishiwa, ila ile imani ilibaki ofisini. Kwa hiyo slipu yako ya kwanza ya mshahara mpya nenda moja kwa moja kwenye mstari wa PAYE, ukikuta sio 165,500 rudi kwa aliyekulipa siku hiyohiyo.

Nanga

Nafuatilia hapa, na mimi nina barua kama hiyo mezani.

Ubungo Mataa

Dada hapo juu kamaliza hesabu na sina cha kupinga, asaini. Ila naomba tusimwache huyu kaka wa meza ya chai kama vile ni mjinga, maana kuna kitu amekiona kweli ila hakujua kukieleza.

Angalieni nyongeza ni 200,000, kijana anapata 98,750. Zaidi ya nusu imeondoka. Ukishakuwa juu ya milioni kila laki moja unayoongezewa inakwenda hivi, NSSF elfu kumi, kwenye ile 90,000 iliyobaki PAYE elfu 27, Bodi elfu 15, unabakiwa na 48,000. Sasa mchukue mkurugenzi wake analipwa labda milioni sita na hadaiwi mkopo wa chuo, akiongezwa laki moja inatoka elfu kumi na elfu 27, anabaki na 63,000. Kiwango cha mwisho cha PAYE ni kilekile 30% kwa wote wawili, mwenye milioni na laki na mwenye milioni ishirini. Kwa hiyo kijana aliyepanga vyumba viwili Tabata anabaki na kidogo kuliko bosi kwenye kila laki, na kinachoniuma zaidi ile hela ya Bodi haitolewi kabla ya kodi kama NSSF, yaani analipia PAYE hela ambayo haijapita hata kwenye akaunti yake. Mi nimeishi hivyo miaka saba. Kila nyongeza nilikuwa naipangia kitu, kiwanja, ada ya mdogo wangu, halafu ikifika nakuta nusu, mpaka nikaanza kuona nyongeza kama habari ya mtu mwingine.

Mama Mishahara

Kaka Ubungo nakubali hesabu yako, hiyo 48,000 ni sahihi. Ila Bodi sio kodi, ni deni na lina mwisho. Tukichanganya hivyo viwili kijana atachanganyikiwa tena.

Ubungo Mataa

Sawa dada, deni lina mwisho. Mwenye nyumba naye hasubiri liishe.

Mhudumu wa Halmashauri

Naomba na sisi wa chini tusikike maana nyie wote mnaongelea milioni.

Mimi ni mhudumu wa ofisi halmashauri, kima cha chini cha serikali. Mwaka 2020 mshahara wangu ulikuwa 300,000, ukitoa mfuko wa pensheni 5% inabaki 285,000 ndiyo inakatwa kodi. Mpaka Juni mwaka ule PAYE yangu ilikuwa 10,350. Julai wakapandisha kile kiwango kisichokatwa kutoka 170,000 hadi 270,000, PAYE ikashuka hadi 1,350. Elfu tisa ilibaki mkononi kwangu na niliiona, nilikuwa naweka kwenye kikoba. Mwaka uliofuata tukasikia tena PAYE imeshushwa kutoka 9% hadi 8%, redio yote siku nzima ni hiyo, tukapongezana ofisini. Mwezi wa saba slipu ikaja, PAYE 1,200. Nimepata nafuu ya shilingi 150. Andazi silipati kwa hiyo hela. Nilidhani wamekosea, nikamuuliza mhasibu wetu, akanionyesha kwamba 8% yangu inapigwa kwenye 15,000 tu, ile inayozidi 270,000, kwa hiyo asilimia moja ya 15,000 ndiyo hiyo 150 na hamna kosa.

Nikamuuliza na wewe je, yeye mshahara wake ulikuwa milioni mbili na kitu. Akasema yeye imepungua 2,500. Siku ile ndio nilijua kumbe wakishusha kiwango cha chini anayenufaika kamili ni yule aliyekijaza chote, sisi tulio mlangoni tunapata kadiri tulivyoingia.

Sasa 2022 tukapanda hadi 370,000, na Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia akatangaza 500,000 kuanzia Julai. Namshukuru Mungu kwa hilo, 130,000 sio kitu kidogo kwa mtu kama mimi. Lakini slipu nazitunza zote kwenye bahasha ya kaki, juzi nikazipanga kitandani. Kwenye 370,000 PAYE ilikuwa 6,520. Kwenye 500,000 ni 16,400. Mshahara umepanda asilimia 35 na PAYE imepanda zaidi ya mara mbili, na hamna aliyebadilisha kiwango cha kodi. Mkononi baada ya pensheni, kodi na bima imetoka 333,880 hadi 443,600. Mtu anielezee hilo la kodi kupanda bila kupandishwa.

Mzee wa Leja

Binti yangu mhudumu, umeuliza swali la msingi kuliko yote hapa. Kodi yako imepanda kwa sababu mshahara wako umesogea na ngazi hazijasogea. Ile 270,000 ya bure iko palepale, kwa hiyo kila shilingi uliyoongezwa imeangukia upande unaokatwa, hakuna hata moja iliyoangukia upande wa bure.

Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi mpaka nimestaafu, na majedwali ya zamani bado ninayo. Mei Mosi ya 2016 pale Dodoma Rais Magufuli alitangaza PAYE kushuka kutoka 11% hadi 9%, watu wakashangilia sana na mimi nilikuwa mmoja wao. Wakati huo ngazi ya kwanza ilianza 170,000 hadi 360,000, upana wake 190,000, asilimia mbili ya hapo ni 3,800. Hiyo ndiyo nafuu kubwa kabisa aliyoweza kupata mtu yeyote nchi nzima. Mwenye 360,000 alipata 3,800 na mwenye milioni nane alipata 3,800 hiyohiyo. Mwenye 200,000 alipata 600. Na yule wa duka au wa kazi za ndani anayelipwa chini ya 170,000 hakupata kitu maana hakuwa anakatwa, huyo PAYE ikishuka au ikipanda haimhusu, wake ni kupiganiwa kima cha chini.

Mabadiliko ya 2020 ndiyo yalikuwa na uzito, kwa sababu hawakugusa asilimia, walisogeza ngazi zenyewe. Ile ya bure ikasogea hadi 270,000, na 30% ambayo zamani ilianza kwenye 720,000 ikasogezwa hadi milioni. Nilipiga hesabu wakati ule kwa watu wote wa ofisi yangu. Mwenye 285,000 inayokatwa kodi aliokoa 9,000 kama binti anavyosema. Mwenye 520,000 aliokoa 26,600. Mwenye milioni na kuendelea, wote 51,600. Sasa mtu atasema basi wakubwa ndio walifaidi. Kwa shilingi ndiyo, ila igawanye kwa mshahara wa mtu. 9,000 ya binti ni kama asilimia 3 ya kipato chake, 26,600 ya yule wa laki tano na ishirini ni asilimia 5, 51,600 ya mwenye milioni ni 5 pia, lakini kwa mwenye milioni tano 51,600 hiyohiyo ni asilimia 1 tu. Walionufaika hasa ni watu wa katikati, kuanzia laki tano hadi milioni, walimu, wauguzi, mafundi wazuri, makarani wa benki.

Ndio maana nikisikia kwenye hotuba kwamba wafanyakazi tunaomba PAYE ishuke asilimia moja nasikitika, tunaomba kitu kidogo kwa sauti kubwa. Tuombe ngazi zisogee. Mwaka 2020 daladala safari fupi hapa mjini ilikuwa 400, leo 600. Ile 270,000 iko palepale tangu Julai 2020, milioni iko palepale. Milioni ya 2020 na milioni ya leo sokoni sio hela moja, ila kwenye jedwali ni moja. Kijana wa Tabata anaingia 30% leo sio kwa sababu amekuwa tajiri.

Kibao cha Mbuzi

Mzee asante, hili la kugawanya kwa mshahara sijawahi kulifikiria. Lakini ngazi zikisogea serikali inapoteza mapato, itafidia wapi? Mi naona waongeze ngazi ya juu, mwenye milioni kumi na kuendelea akatwe 35%, hiyo hela isogezee za chini.

Pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu anayetaka 35%, sisi huku tunayo tangu Julai 2023. Kati ya laki tano na laki nane za Kenya kwa mwezi ni 32.5%, na kupita laki nane ni 35%. Mimi ni karani wa ghala, nalipwa 40,000, hiyo haikunigusa hata kidogo na nilisema ni haki wenye nacho watoe. Lakini msidhani wa chini walipona. Mwaka huohuo ikaja tozo ya nyumba, 1.5% ya mshahara wote, haina kianzio, mimi nakatwa 600. Oktoba 2024 bima mpya ya afya, SHIF, ikachukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, 2.75%, nikatoka 1,000 nikaingia 1,100.

Dadangu ni mlinzi, alipwa 24,000. PAYE yake ni sufuri, kwa kuwa 10% ya 24,000 ni 2,400 na afueni ya kodi ya kila mtu ni 2,400, zinafutana. SHIF kwake ilipungua, alikuwa analipa 750 sasa 660, lazima niseme ukweli. Lakini ya nyumba anakatwa 360 kila mwezi kama kawaida, yeye ambaye sheria ya kodi ya mapato yenyewe ilishamwona hana cha kutoa. Kwa hivyo mkidai ngazi zisogee mwangalie pia yale makato yanayokuja kwa jina jingine, maana ukitazama PAYE pekee utasema mlinzi hakuguswa, na kuna mwezi yeye alishindwa kununua mtungi wa gesi kwa sababu ya mia chache.

Nanga

Duh. Nilikuja kusoma la milioni tu.

Kijana wa Tabata

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimesaini leo asubuhi. Nilimwomba mtu wa mishahara anipigie hesabu mbele yangu kabla sijaweka kalamu, akapata 165,500 ya PAYE na mkononi 772,000, sawasawa na dada Mama Mishahara. Nashukuru sana dada yangu, Mungu akubariki.

Yule kaka wa meza ya chai nilimvuta pembeni kama ulivyosema. Aliiangalia ile karatasi muda mrefu hakusema kitu, akaikunja akaweka mfukoni. Mchana nikamwona ofisi ya utumishi.

Mzee wa Leja shikamoo, na mama mhudumu pia shikamoo. Nimekwenda kutafuta slipu zangu za zamani kwa sababu ya bahasha yako ya kaki.

Swali la mwisho. Nimeangalia deni la Bodi limebaki 2,310,000. Kwa 187,500 kwa mwezi naona linaisha ndani ya miezi 13, na ule wa mwisho ni 60,000 tu. Likiisha mkononi inakuwa 959,500, nimepatia? Na je makato yanasimama yenyewe au kuna kitu natakiwa kufanya?

Mama Mishahara

Umepatia, 959,500. Usisubiri yasimame yenyewe, nimeona watu deni limeisha na bado wanakatwa miezi miwili mitatu kwa sababu hakuna aliyemwambia mtu wa mishahara. Mwezi wa 11 omba taarifa ya deni kutoka Bodi, iprinti, mpelekee anayetengeneza mishahara pale kwenu ili mwezi wa 13 aweke 60,000 na sio 187,500, na nakala moja ubaki nayo. Mtoto azaliwe salama.